Bidoni Mbili za Koko kutoka Walungu

Siku ya Mungu, mangaribi. Mvua tangu misa ya kwanza.

Niwaambie kwanza kitu kimoja, ili musome mukijua ni nani anawaandikia. Mimi Fiston njo motari, mubebaji wa watu na pikipiki, muzuri kuliko wote, kutoka Uvira mpaka Kalehe. Milima ya Kadutu ikisikia moto yangu, ile pikipiki, inakuja, inainamisha kichwa ili nipite. Siku moja nilipanda ile njia ya soko na mama mmoja nyuma, mutoto ku mugongo wake, gunia ya makala na kuku wawili. Mutoto hakuamuka. Kuku mmoja alitaga njiani. Yai nilikula mimi, juu bila mimi halingefika muzima. Masomo niliyaacha mu mwaka wa ine wa sekondari: mwalimu wa fizike alikuwa angali anaeleza namna kitu kinapanda mulima, na mimi nilikuwa nimeshafika kule juu.

Sasa mumenijua.

Leo huyo motari amelala chali na viatu vyake mu miguu. Maman aliita chakula mara mbili, kisha akanifunikia sahani. Hii si ile kuchoka ya moto, yenye mutu anaoga, anakula fufu, inaisha. Hii imeingia mu mifupa na imevua kofia, sawa mugeni mwenye hataki kurudi kwake.

Jana tulitosha kilio cha Koko. Ni kusema familia yote ilikaa, ikala, ikakunywa, na sasa tunaruhusiwa kuacha kulia. Wengine waliacha zamani. Mimi nilikuwa najiambia sikuanzaka hata kuanza, juu mwanaume wa moto halii, upepo njo unamukausha macho.

Koko, ni kusema bibi yangu, alikuwa mama ya maman. Jina lake M'Cirhuza, binti ya Cirhuza. Kwetu Bashi mwanamuke hata akizeeka namna gani anabakia binti ya baba yake. Aliishi Walungu centre, kamji kamoja kenye unaweza kukamaliza kwa miguu mbele muhindi wako wa kuchoma haujaisha. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, na nyuma ya nyumba migomba, na mu katikati ya migomba shimo. Mimi nilikulia pembeni ya lile shimo, juu maman alikuwa anatafuta maisha huku Bukavu na alinipeleka kule nikiwa mutoto wa kubebwa.

Bwana yake Koko alienda kuchimba zahabu Luhwindja. Kilichorudi ni koti lake. Koko alibaki na watoto na ndizi, na ndizi mbichi haisomeshe mutu. Basi akaanza kukamua pombe, ile kasiksi yetu. Lakini kule kukamua ni kazi ya wanaume. Wanawake wanauzisha tu. Watu wakaja kumukataza: «M'Cirhuza, mwanamuke akikamua ndizi, bwana yake anakufa.»

Akawajibu: «Wangu alishakufa. Sasa munaogopea nani?»

Tangu ile siku wale wenye walikuja kukataza njo walikuwa wa kwanza ku foleni.

Namna alikuwa anafanya, naijua sawa barabara ya kwetu. Ndizi mbichi zinalala mu shimo, zinafunikwa na udongo, na pembeni unawasha moto mudogo ili joto iingie chini na ziive. Wengine wanachoma majani ya migomba. Koko alikuwa anachoma majani makavu ya eukalipto, na ile moshi ilikuwa inaingia mu ndizi na haitoke tena. Ukikunywa unaisikia mwisho, nyuma ya utamu, sawa mutu amepita karibu yako na nguo yenye ilikaa mu jikoni. Watu walikuwa wanatoka Mugogo wanauliza: «Iko ile ya moshi?» Kama hakuna, walikuwa wanarudi na kiu yao.

Kisha unamenya, unatia mu ule muti mukubwa wenye ulichongwa ndani sawa pirogi ya wavuvi, unakamua na majani mpaka mikono inakuwa si yako. Maji yenye inatoka njo mutobe, tamu, ya watoto. Unatia unga ya mutama wa kukaanga, unafunika, na unaacha. Hapo mutobe inaanza kusema. Kweli inasema. Ukiweka sikio unasikia vidogo vidogo, sawa wamama wanateta mu kanisa.

Na Koko hakufunga chombo kwa nguvu hata siku moja. Alikuwa anatia kifungu cha majani ya mugomba mu mudomo wa chombo, basi. Nilimuuliza sababu. Alisema: «Ingali inasema. Mutu mwenye anasema, humufunge kinywa.»

Hiyo nilisikia na masikio yangu mawili. Muikumbuke, juu mimi sikuikumbuka.

Alikuwa mukali. Alipiga mulevi mumoja na mwiko, na yule mulevi alikuwa mwalimu wangu. Kila siku ya Mungu alikuwa mu misa, mustari wa mbele, kitenge cha kupasi, na kutoka pale moja kwa moja ku pombe. Padri akamuambia: «Maman, haiko vizuri.» Koko akasema: «Padri, Yesu alifika ku ndoa akakuta divai imekwisha. Hakuhubiri. Alitengeneza.» Padri alicheka mpaka akaomba kikombe. Hiyo ya kikombe sikuiona, alinielezea yeye mwenyewe, na Koko wangu alikuwa anapenda kuongeza. Munaona kwenye nilitosha hii tabia ya kuongeza.

Wakati ugonjwa ulimushika miguu, maman akamuleta hapa Bukavu, mu kata yetu ya Kadutu. Kitanda chake kilikuwa karibu ya mulango. Hakupenda. Alikuwa anaangalia nyumba zetu namna zinapandana ku mulima, anasema: «Huku munaishi sawa ndizi mu shimo. Sijue nani anangoja muive.» Alikuwa anakamata mukono wangu, ananusa esanse, ile mafuta ya moto, anauliza kama nimeshaoa au ningali naoana na ile chuma.

Mimi, ili nimufurahishe, nilikuwa naenda kumuletea kasiksi kwa Mama Sifa, hapa chini ya ngazi, mwenye anauzishia nusu ya Kadutu. Koko alikuwa anakunywa kidogo, anazungusha mu kinywa, na kisha hukumu: «Hii ni maji yenye ilisikia habari ya ndizi.»

Kila mara. Na kila mara anamaliza kikombe.

Siku moja aliita maman na Tonton Déo, ndugu mwanaume wa maman, na mimi nikiwa nimesimama ku mulango. Akasema siku ya kutosha kilio chake tusikunyweshe watu bia ya chupa. «Ndizi zangu zingali zimesimama. Mukunywe mimi.» Alisema hivyo: mukunywe mimi. Hakuomba kingine. Hakuomba kaburi ya simenti, hakuomba kurudishwa Walungu, juu alijua barabara iko namna gani siku hizi na watu wanaiogopa. Aliomba ile tu.

Na sasa musikilize, juu hapa njo kuna uzito. Tonton Déo njo anabaki na ile parsele ya Walungu, nyumba na uwanja wake. Yeye anafanya kazi mu biro, kila siku na koti, na anataka kujenga kule depo ya simenti. Migomba itakatwa. Si mawazo mabaya, watoto wake wanakula. Lakini ni kusema ile pombe ya kilio njo ilikuwa ya mwisho. Hakutakuwa ingine. Si mwaka kesho, si siku ya ndoa yangu na ile chuma.

Tulipokaa mu familia, Tonton akasema: «Tutafute muzee mumoja wa kule akamue.»

Ningenyamaza. Lakini mimi nikinyamaza naugua.

«Muzee wa nini, Tonton? Miye nilizaliwa mu lile shimo. Koko yeye mwenyewe alisemaka mikono yangu inapita yake.»

Maman akaniangalia. «Fiston, we hata chai unaunguza.»

«Chai haina hakili, maman. Ndizi inanijua.»

Wote wakacheka, na wakanipa kazi. Hivyo njo mutu anapata kazi mu familia yetu.

Na niliifanya. Sitakubali mutu aseme sikuifanya. Nilienda Walungu, nikakata ndizi, nikafukua shimo lenye lilikuwa limeshajaa majani na udongo. Nikaokota eukalipto kavu, nikawasha, macho yakatoka machozi, nikasema ni moshi. Nililala mu nyumba yake, juu ya mukeka, na nyumba ilikuwa na ile harufu ya mutu mwenye ametoka kidogo na anarudi sasa hivi. Nilikamua mpaka mabega yakawa sawa ya mutu ingine. Nilitia mutama. Ilipoanza kusema niliweka sikio, nikacheka peke yangu sawa kichaa.

Jirani yake, Papa Zihindula, alikuja siku ya kuondoka. Alinikuta nimejaza bidoni mbili za njano na niko nazifunga nyuma ya moto yangu. Akaangalia vifuniko.

«Weka majani, kijana.»

«Papa, majani ni ya mutu mwenye anatembea kwa miguu. Barabara inatikisa. Itamwangika yote.»

«Itamwangika kidogo.»

«Hata kidogo sitaki, Papa. Miye nabebaka esanse kila juma. Kifuniko kikaze, kipande ya mufuko wa plastiki chini yake, mupira juu, hakuna tone lenye linatoka.»

Aliniangalia, akaangalia bidoni, akasema «Haya», na akaenda kuangalia mbuzi yake. Wazee wa kwetu hawabishane na mutu mwenye ana moto.

Nilikaza vile vifuniko na mikono miwili. Nilikaza sawa mutu mwenye anapenda kitu. Hata sikuionja. Nilisema nitaonja mbele ya watu, siku yenyewe, sawa inavyofaa. Na nikaondoka.

Jua lilikuwa limetoka nyuma ya mvua, lile jua la kuchoma shingo. Pale Mugogo, watoto wa soko wakaanza kupiga kelele: «Motari! Inavimba nyuma! Nyuma yako inavimba!» Nikafikiri wananichekelea juu ya suruali. Nikapiga klakso, nikawapungia mukono sawa gavana. Kufika Panzi nikasikia bidoni moja inalia, ti, ti, ti. Nikasema ni chuma ya kubebea mizigo. Nilikuwa naimba. Nilikuwa nimeshaanza kutunga namna nitaeleza hii safari.

Mulima wa soko la Kadutu ulinikuta ningali naimba.

Kuna muhubiri mumoja na megafone yake anasimamaka kila siku pale kwenye wamama wanauzisha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Siku ile alikuwa anahubiri juu ya ulevi. Naapa. Nilisikia wazi: «Pombe imeharibu hii muji! Bwana, uondoe pombe—» na pale pale, mbele yake, bidoni ya kuume ikapasuka.

Haikupasuka sawa chupa. Ilipasuka sawa bomu, na watu wa hapa, munajua, ule mulio tunaujua. Kila mutu alilala chini. Wamama walilala juu ya ndagala zao. Mimi na moto tulianguka kushoto. Kisha kimya, kisha harufu, kisha mama mumoja akainua kichwa, akalamba mukono wake, akasema: «Eh! Iko kasiksi!» Soko yote ikacheka kicheko cha watu wenye waliogopa kufa. Muhubiri alikuwa amelowa kutoka kichwa mpaka viatu, megafone inatiririka. Mutu akamuita: «Pasta, Mungu alikujibu! Alikupatia yote!»

Nami nilicheka. Niandike ukweli. Nilicheka mbele sijaelewa nini kimekufa.

Kisha nikakimbilia bidoni ya pili. Ilikuwa imevimba sawa tumbo la ng'ombe. Pale pia ningesimama kwanza, ningefungua pole pole, nusu ya nusu. Nikafungua sawa kichaa. Pombe iliruka mpaka kichwani, ku kaskete yangu, nyeupe, na mapovu, na bidoni ikanitoka mu mikono na ikaanza kuteremuka mulima, inajimwanga, inajimwanga, na watoto nyuma yake na vikombe. Pombe ya Koko ilienda mu mufereji, ikapita chini ya meza za nyanya, ikaelekea mu ziwa.

Chini ya bidoni ilibakia kidogo. Niliitia mu kachupa ka maji kenye kalikuwa mu koti. Nusu ya kachupa. Nikafunga, kisha nikakumbuka, nikafungua, nikatia jani. Sasa njo nilikumbuka jani.

Wamama wa ndagala walinisaidia kuinua moto. «Pole, mutoto. Ilikuwa ya ndoa?» Nikasema ndiyo, ya ndoa. Sijue sababu nilisema vile.

Ningeenda kwa maman kusema. Ilikuwa ngazi chache tu. Lakini nilimuona mu mawazo, amekaa anachagua mchele ya kesho, na Tonton na koti yake, na ile «nilizaliwa mu lile shimo». Mimi ni mutu wa kuanguka na moto mbele ya soko nzima na kuamuka nacheka. Mbele ya maman siwezi.

Nikateremuka kwa Mama Sifa na bidoni zingine.

Mama Sifa ana macho ya mutu mwenye anauzisha pombe: yanakuona mbele na nyuma. Alinusa koti yangu tu, akajua.

«Ya Koko yako?»

«Ya Koko.»

«Yote?»

Akaanza kucheka, tumbo inatikisika, kisha akajifunika mudomo na kitenge. «Wangu ee. Yule mama alitukana pombe yangu tangu afike huku. Nilikuwa nasikia yote, mulango wenu hauna siri. Maji yenye ilisikia habari ya ndizi! Kesho hii maji njo itamulilia.»

«Mama Sifa, tafazali.»

«Sitasema. Lete bidoni. Na Fiston, usikaze.»

Jana asubuhi nilizipandisha ngazi na majani mu midomo, vizuri kabisa, sawa mutu mwenye ametoka Walungu. Watu wakapiga makofi. Tonton Déo alinikumbatia na koti yake yote, akasema: «Huyu mutoto nilikuwa namuchukulia bure.» Maman alikuja karibu. Alishika bidoni na mikono miwili, sawa vile wanashika mutoto mwenye ametoka safari.

Sasa, kuna desturi. Hapa kwetu mwenye kuleta pombe anakunywa wa kwanza, amesimama, wote wanamuangalia. Ni juu ya karuho, ile sumu yenye watu wa hapa wanaogopa kuliko risasi. Hata ndugu na ndugu. Unakunywa, unangoja kidogo, na watu wanasoma uso wako. Ukiwa muzima, pombe ni ya wote. Na siku ya kilio unapashwa tena kusema neno juu ya pombe.

Walinipa kikombe cha Koko mwenyewe, kile cha chuma chenye mukono ulivunjika.

Nilikuwa nimetayarisha uongo. Nilikuwa nimeupanga tangu usiku, mpaka na namna mikono itaonyesha. Nikakunywa. Na kile kitu kikaingia, tamu, baridi, na mapovu, na pale pale nikamuona. Nilimuona amekaa ku mulango wa Walungu na mwiko yake. Machozi yakatoka mbele ya watu wote, mimi Fiston, na sauti yenye si yangu ikasema: «Ni yake.»

Sikuhitaji ule uongo. Nilikuwa naamini.

Wote wakalia. Hata wale wenye waliacha zamani. Vikombe vikazunguka, na kila mutu: «Ni yake, ni yake kabisa.» «M'Cirhuza, kumbe uko hapa.» Tonton alikunywa mpaka akavua koti. Maman alikunywa kidogo kidogo, macho yamefungwa, na uso wake ukafunguka sawa sijauona tangu kaburi. Nikasema mu roho: Fiston, ulifanya vizuri. Bidoni zinapasuka, watu wanapona.

Mutu mumoja tu hakusema hivyo. Koko Nsimire, koko ingine, ndugu mudogo wa Koko wangu, mwenye walimuleta kutoka Walungu na gari ya misioni. Macho yake hayaone tena vizuri. Alikunywa mara moja, akabaki na kikombe ku magoti. Kisha akaniita nikae karibu.

«Fiston, ulipasha shimo moto?»

«Nilipasha, Koko.»

«Na eukalipto?»

«Na eukalipto, Koko. Macho yalinitoka.»

«Aa,» akasema.

Akapatia jirani yake kikombe. Akaomba maji.

Sikutetemeka, juu nilikuwa nasema ukweli. Nilifikiri tu: uzee, ulimi umechoka. Nikaenda kuongezea watu pombe.

Leo baada ya misa, wageni walikuwa wamekwenda. Maman alikuwa anaosha vikombe na anaimba, kitu chenye hafanyake. Niliingia huku mu chumba changu, na koti ilikuwa ku musumari, inanuka, na ndani yake ile kachupa. Nilikuwa nimekasahau. Nikasema: haya, nimalize kilio na haka, mimi na yeye, wawili tu. Nikatoa jani. Nikakunywa.

Ilikuwa na kitu. Mwisho, nyuma ya utamu, kitu sawa majivu, sawa nguo ya mutu wa jikoni. Nikasema, eh, hii imeharibika, hii imeshika moshi mahali. Nikafungua dirisha. Hapa kwetu dirisha yako ni juu ya mabati ya mwenzako. Nikatema pale, na kile chenye kilibaki mu kachupa nikakimwanga nyuma yake, na mvua ikapita juu.

Kisha mukono wangu ukabaki inje, mu mvua, na kachupa.

Ningeweza kuwaambia ilikuwa imechacha. Haikuchacha. Ya kuchacha naijua. Ilikuwa nzima, na nzuri, niliikamua mimi mwenyewe na haya mabega. Kuna mwanamuke mumoja tu mu Walungu nzima mwenye pombe yake ilikuwa na ile kitu, na watu walitoka Mugogo kuiomba na jina.

Maman angali anaimba. Sitamuambia. Yeye alikunywa Mama Sifa na akamukuta mama yake, sijue hiyo ni kosa ya nani, labda si kosa. Soko walilowa, wamekauka. Muhubiri atapata neno la kuhubiri mwaka muzima. Bidoni zinauzishwa kila pembe. Hata ile depo ya simenti, wacha ijengwe. Hayo yote nitayaeleza siku moja na nitaongeza, na mutacheka.

Hii moja siongeze kitu. Kinywa changu kilikuwa na Koko ndani, wa mwisho, na hakikumujua, na nilimutema.